Kukariri kwa Sauti: Jinsi Ubongo Unavyojifunza Neno Jipya

Siku hizi neno "kukariri" limekaribia kuwa tusi. Mwanafunzi akishindwa kueleza somo tunasema, "Huyu amekariri tu." Katekista akiwafundisha watoto sala kwa kuwatamkia kifungu na wao kumfuatisha, wapo wanaomwona kuwa mtu wa zamani. Lawama hii ina ukweli ndani yake, nasi tutaufikia. Lakini kabla ya kumhukumu katekista huyo, yafaa tujiulize swali moja: neno ambalo mtu hajawahi kulisikia linaingiaje katika kumbukumbu yake na kukaa humo?

Kwa watu wa Mbulu na Hanang hili ni swali la kila siku. Sehemu chache sana za Afrika zinafanana na kwetu kwa wingi wa lugha zisizo na undugu. Siku ya mnada unaweza kusikia Kiiraqw, ambacho ni lugha ya Kikushi. Kidatoga cha Wabarabaig, ambacho ni cha jamii ya Kiniloti. Kiswahili na Kinyiramba, ambazo ni lugha za Kibantu. Na ukishuka bonde la Yaeda utakutana na Kihadzabe, lugha yenye vidoko vya ulimi, ambayo wataalamu hawajaithibitishia ndugu yeyote. Mtoto wa kijijini anaanza shule akiwa na lugha ya mama yake. Darasani anakutana na Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anafundishwa kwa Kiingereza. Akiingia seminari anaongezewa Kilatini. Maisha yake yote ya masomo ni safari ya kupokea maneno mageni, na wengi huachwa njiani kwa kuitwa "wazito" kabla mtu hajachunguza uzito huo umetoka wapi.

Sauti inayozunguka

Tufanye jaribio dogo. Kwa Kiiraqw hesabu huanza hivi: wak, tsar, tam, tsiyahh, kooan. Kama wewe si Mwiraqw, chukua neno moja tu, tsiyahh, yaani nne. Ukitaka kulishika hadi mwisho wa ukurasa huu, utafanya nini? Bila shaka utalirudia. Huenda usitoe sauti, lakini ndani yako ulimi utakuwa kama unatembea na sikio kama linasikiliza.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza jambo hili kwa utaratibu. Walisema kwamba ndani ya kumbukumbu yetu ya muda mfupi kuna kama kitanzi cha sauti. Sauti iliyosikika hubaki hai kwa sekunde chache tu, kisha hufifia. Mtu akiitamka tena, kwa mdomo au kimoyomoyo, inahuishwa na kuanza mzunguko mwingine. Ndiyo maana namba ya simu uliyotajiwa hupotea mara mtu anapokusemesha kabla hujaiandika.

Watafiti waliofuata waligundua kwamba kitanzi hiki ni mlango wa maneno mapya. Watu walipewa maneno ya lugha wasiyoijua huku midomo yao ikishughulishwa kurudiarudia neno lingine lisilohusika. Kujifunza kwao kukawa kugumu sana. Lakini walipotakiwa kuunganisha maneno mawili wanayoyajua tayari, kushughulishwa mdomo hakukuwasumbua kiasi hicho. Maana yake ni kwamba neno tunalolijua lina pa kushikiza, kwa kuwa maana yake ipo. Neno geni halina pengine pa kushikiza isipokuwa sauti yake, na sauti huishi kwa kurudiwa. Imeonekana pia kwamba watoto wanaoweza kufuatisha vizuri maneno marefu ya kubuni, yasiyo na maana yoyote, kwa kawaida ndio wenye msamiati mpana zaidi katika miaka ya mwanzo.

Fungu lenye umbo la upinde

Kitanzi hicho kina njia yake ndani ya nyama ya ubongo. Mwaka 1861 daktari Mfaransa Paul Broca alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa mengi aliyoambiwa lakini hakuweza kutamka ila silabi moja. Baada ya kifo chake Broca aliukuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele upande wa kushoto. Mwaka 1874 Carl Wernicke, daktari Mjerumani, alieleza wagonjwa wa namna nyingine: walisema maneno mengi bila kukwama, lakini hawakuelewa vema waliyoambiwa. Kwao sehemu iliyoharibika ilikuwa nyuma zaidi, karibu na mahali ubongo unapopokea sauti.

Wernicke akafikiri mbele zaidi. Ikiwa kuna sehemu ya kusikia maneno na sehemu ya kuyatamka, lazima kuwe na njia kati yake, na njia hiyo inaweza kukatika huku sehemu zenyewe zikiwa salama. Wagonjwa wa aina hiyo wapo kweli, hasa baada ya kiharusi. Anaelewa unachomwambia. Anazungumza. Lakini ukimwomba afuatishe neno ulilolitamka, hasa neno refu au geni, anajikwaa, anajaribu tena na tena, na mwenyewe anajua amekosea. Leo tunajua kwamba tatizo hilo linaweza pia kuletwa na madhara ya tabaka la juu la ubongo mahali hapo, lakini wazo la Wernicke kuhusu njia limebaki na nguvu.

Njia yenyewe ni fungu la nyuzi za neva. Linaanzia sehemu ya pembeni mwa ubongo, usawa wa sikio, linapanda na kuzunguka kwa nyuma, kisha linakwenda mbele hadi eneo la Broca. Kwa kuwa limepinda kama upinde wa mshale, wataalamu wa viungo walilipa jina hilo la upinde. Zamani lilionekana kwa kupasua maiti peke yake. Siku hizi mashine ya MRI inaweza kufuatisha jinsi maji yanavyosambaa ndani ya nyuzi hizo, na hivyo kuchora njia zake katika mtu aliye hai. Kwa mbinu hiyo, mwaka 2005 Marco Catani na wenzake wa London walionyesha kwamba upinde huo una sehemu tatu: moja ndefu inayounganisha moja kwa moja eneo la kusikia maneno na eneo la kuyatamka, na mbili fupi zinazopitia kituo cha kati.

Mwaka 2013 Diana López-Barroso na wenzake, Catani akiwamo, walichapisha utafiti unaogusa swali letu. Watu wazima wenye afya walisikilizishwa maneno ya kubuni, kisha wakapimwa kama wameyashika. Baadhi walishika mengi, wengine machache. Tofauti hiyo ilikwenda pamoja na hali ya ile sehemu ndefu ya upinde wa kushoto, na pia na jinsi maeneo mawili yanayounganishwa nayo yalivyofanya kazi kwa kupatana wakati wa kujifunza. Sehemu zile fupi hazikuonyesha uhusiano huo.

Tuwe waangalifu hapa. Utafiti wa namna hii peke yake hausemi kama njia nzuri ndiyo iliyoleta ujifunzaji mzuri, au kama mazoezi ya miaka mingi ya lugha ndiyo yaliyoitengeneza njia. Unachosema ni kwamba kushika neno jipya kunahusiana na barabara inayounganisha sikio na mdomo. Inafaa kujua pia kwamba mwaka 2008 watafiti walipolinganisha ubongo wa binadamu na wa sokwe mtu na wa nyani, waliona kwamba upinde huu kwa binadamu umeenea kwa nguvu hadi sehemu za pembeni mwa ubongo zinazohusika na maana za maneno. Kwa wenzetu hao hauenei kiasi hicho.

Barabara inayojengwa polepole

Mtoto hazaliwi na barabara hii ikiwa imekamilika. Nyuzi za neva hufunikwa kidogokidogo na utando wenye mafuta uitwao mayelini, ambao huufanya ujumbe uende kasi, kama vile waya uliovikwa plastiki. Kwa mtoto mchanga, sehemu ya njia inayofika eneo la Broca bado ni changa, na huendelea kukomaa utotoni hadi ujanani. Kazi hiyo inahitaji chakula, damu yenye afya na mwili usioandamwa na maradhi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika wilaya ya Mbulu, ilikuwa mojawapo ya vituo vinane duniani vya utafiti wa MAL-ED, uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa kuanzia mwaka 2009. Watafiti wake waliona kwamba maambukizi ya tumbo ya mara kwa mara, siku za ugonjwa na upungufu wa damu vilihusiana na maendeleo hafifu zaidi ya akili katika umri wa miaka miwili. Kwa hiyo uji wa mtoto na choo safi nyumbani ni sehemu ya somo la lugha, ingawa hatukuzoea kuvihesabu hivyo.

Sikio nalo hujipanga mapema. Mwaka 1984 watafiti nchini Kanada walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hivi hutofautisha hata sauti za lugha asizozisikia nyumbani. Akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo hupungua, na sikio hubaki makini kwa sauti za wale wanaomlea. Mtoto wa Kihadzabe hushika vidoko. Mtoto wa Kiiraqw hushika tofauti ya l, sl na tl bila kufundishwa, ilhali mgeni kutoka pwani akitajiwa kijiji cha Tlawi huenda akatia irabu katikati ili jina litamkike. Hatumwiti mgeni huyo mzito. Tunajua ni ulimi wa kwao.

Sasa geuza meza. Kiiraqw hakina z wala v katika maneno yake ya asili. Mtoto wa darasa la kwanza anayesema "sawadi" badala ya "zawadi" yuko katika hali ileile ya mgeni wa Tlawi. Tofauti ni kwamba yeye anachekwa. Mtoto aliyechekwa hufunga mdomo, na akishafunga mdomo kitanzi cha sauti kinakosa nguvu, naye anakosa hilo neno na mengine kumi yanayofuata. Kisha tunaandika katika ripoti kwamba uwezo wake ni mdogo.

Je, waliochelewa wamekosa nafasi? Hapana. Mwaka 2014 Michel Thiebaut de Schotten na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima wa Brazil na Ureno: wasiojua kusoma, waliojifunza kusoma utotoni, na waliojifunza wakiwa watu wazima. Kujua kusoma kulihusiana na uimara wa sehemu ya nyuma ya upinde wa kushoto, hata kwa waliochelewa kuanza. Taifa letu, lililoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lilikuwa limeamini jambo hilo kabla ya mashine kulionyesha.

Hapa kwetu tuna ushahidi mwingine. Mwanamke wa Kidatoga akiolewa, kwa heshima hatamki majina ya baba mkwe na ya wakubwa fulani wa upande wa mume, wala maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na majina hayo. Badala yake hutumia maneno mengine. Mwanaisimu Alice Mitchell ameichunguza desturi hii kwa makini. Tazama inachodai: mke kijana anajifunza msamiati mpya, na kila anapotaka kusema analipima neno kwa sauti yake kabla halijatoka. Hakuna daftari wala mtihani. Anajifunza kwa kuwasikiliza wanawake waliomtangulia na kusema pamoja nao kila siku.

Vivyo hivyo mzee wa Kiiraqw anayetoa slufay, ile sala ndefu ya baraka inayoombea mvua, mifugo, watoto na amani, hakuisoma mahali. Aliisikia kwa wazee, akaitikia pamoja na mkutano miaka mingi, mpaka mdomo wake ukaweza kuibeba mwenyewe. Anayeitikia anajifunza. Vijana wasipokuwapo wa kuitikia, slufay inakosa pa kwenda hata kama mzee bado yuko hai.

Sauti bila maana

Turudi sasa kwenye ukweli ulio ndani ya lawama dhidi ya kukariri. Sauti iliyoshikwa bado haijawa neno kamili. Ili idumu lazima ifungwe na maana, na kazi ya kufunga vitu viwili pamoja inategemea sana sehemu iliyo ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Kufungwa huko hakumaliziki kwa siku moja. Usingizi husaidia, na kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo, jambo ambalo Mjerumani Hermann Ebbinghaus alilipima kwa kujichunguza mwenyewe na kulichapisha mwaka 1885. Mtoto anayeimba "utukufu" kila asubuhi bila kuambiwa kwa lugha ya nyumbani utukufu ni nini, anayo sauti iliyokaa mlangoni. Haijaingia ndani.

Mtakatifu Augustino, mtoto wa Afrika ya Kaskazini, aliliona jambo hili mapema. Katika Maungamo yake anakumbuka kwamba Kilatini alikipata kwa walezi wake, katikati ya mapenzi na michezo, bila kutishwa. Kigiriki alikichukia, kwa sababu alikipata shuleni kwa vitisho na adhabu. Akahitimisha kwamba hamu ya kujua ina nguvu kuliko hofu. Naye Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1979 kuhusu katekesi, Catechesi Tradendae, alitetea nafasi ya kumbukumbu katika mafundisho ya dini, huku akitaka kinachokaririwa kieleweke na kuwa chanzo cha maisha ya Kikristo. Hao wawili hawagombani. Mmoja anatulinda tusitishe, mwingine anatulinda tusitupe.

Basi tufanye nini?

Kwa katekista, mwalimu na mzazi, mambo machache yanatosha kuanza.

Kwanza, neno lisikike vizuri kabla halijatamkwa. Litamke taratibu, uso wako ukionekana. Mtoto anayetoka usaha masikioni apelekwe zahanati kabla ya kuitwa mzito.

Pili, kata vipande vifupi. Kitanzi cha sauti ni kidogo. Sentensi ndefu ya sala igawe katika pumzi mbili au tatu, watoto wafuatishe, kisha uziunganishe.

Tatu, acha kila mdomo ufanye kazi. Katika kundi la watoto hamsini, kumi wanaweza kuitikia na arobaini wakachezesha midomo tu. Wagawe wawili wawili, kila mmoja amtamkie mwenzake.

Nne, toa maana kwa lugha ya nyumbani bila aibu. Kiiraqw au Kidatoga hakimzuii mtoto kupata Kiswahili. Ni kigingi cha kufungia neno jipya.

Tano, rudi kwa neno lilelile kesho, kisha wiki ijayo. Na usiruhusu mtoto achekwe kwa ajili ya ulimi wake.

Kwa sisi waseminari kuna neno la nyongeza. Wamonaki wa kale walisoma Maandiko kwa kunong'ona, wakilitafuna neno kama ng'ombe anavyocheua. Sisi tunapitisha macho kwenye simu na kushangaa kwamba zaburi ya asubuhi imepotea kabla ya chai. Jaribu wiki moja kuisali kwa sauti ya chini.

Musa aliwaagiza Waisraeli wawarudie watoto wao maneno ya Mungu wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani inaanzia katika kusikia, na tena kwamba moyo huamini na kinywa hukiri. Sikio, moyo, kinywa. Muumba aliweka kati yake njia ndogo yenye umbo la upinde, akamwachia mzazi, mwalimu na katekista kazi ya kuipitisha maneno.

Na lile neno la Kiiraqw la nne, bado unalo? Kama limepotea, rudi juu ulisome tena, na safari hii ulitamke kwa sauti.